Mshale wa trimu unahama injini ikiwaka

SWALI: Ndege yangu ya viti viwili, niliyoijenga mwenyewe, ina flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa hasa wakati wa kutua) na trimu (kijibawa cha mkiani kinachoshikilia mkao wa pua bila rubani kukaza usukani) za umeme, na geji za mshale. Injini ikiwa imezimwa, trimu ikiwa katikati, mshale nao unakaa katikati. Nikiwasha injini unapanda bila mimi kugusa swichi. Wa flapu unaruka mota inapoanza, ikisimama unarudi. Nimebadilisha kihisi cha trimu (kifaa kinachoiambia geji mkao wake), hali ni ile ile. Pia, kihisi cha flapu kufungwa kwenye mota ni sawa?

JIBU: Kihisi ulichokitoa usikitupe, huenda ni kizima. Ndani yake kuna potenshiometa (kikinzani cha umeme kinachobadilika kinaposogezwa), mara nyingi ya omu 5,000: ncha moja inapewa umeme, ya pili inakwenda hasi, na waya wa kati unatoa volti kulingana na mkao. Ndiyo sababu sevo ya trimu (mota ndogo yenye kihisi ndani) huja na nyaya tano, mbili za mota na tatu za kihisi. Ukikipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, injini ikiwa imezimwa una volti 12.6 hivi na geji inasoma 6.3 pale katikati. Altaneta (jenereta inayozungushwa na injini) ikianza kuchaji, umeme unafika kama 14.2, na katikati ile ile inasomeka 7.1. Trimu haijasogea hata kidogo.

Dawa ni regulata (kifaa kinachoshikilia volti zisibadilike) ya volti 5, au volti 5 ambazo skrini nyingi za kisasa hutoa kwa ajili ya vihisi. Kihisi kinakula miliampea 1 tu. Geji nayo iwe ya kusoma volti 0 hadi 5, kisha upange upya alama za mwanzo na mwisho.

Kuruka kwa mshale wa flapu, mimi ningeanza na hasi. Inaelekea kihisi na mota vinarudisha umeme kwa waya mmoja. Mota ikivuta ampea 6 kwenye waya wenye omu 0.05, zinapotea volti 0.3, na ukishahamia volti 5 hitilafu hiyo inaweza kufika asilimia 6. Weka mita ya umeme kati ya hasi ya kihisi na hasi ya geji, mwenzako ashushe flapu: isome karibu na sifuri. Ikipanda, pitisha hasi ya kihisi peke yake hadi kwenye geji.

Kihisi kwenye mota siungi mkono. Pini ya rodi inayounganisha mota na flapu ikichomoka, mota itaendelea kutembea na geji itakuambia flapu ziko digrii 30 wakati hazijashuka. Kifunge kwenye bomba linalounganisha flapu mbili, au bora zaidi kwenye mkono wa flapu yenyewe. Hata hapo, kihisi kimoja hakitakuonyesha kwamba flapu moja imeshuka na nyingine imegoma, na hiyo ndiyo hali inayobingirisha ndege. Kama mabawa yako ni ya chini, chora mistari ya rangi juu ya kila flapu, upande wa mbele karibu na bodi, ifunuke mmoja mmoja flapu inaposhuka. Kutoka kwenye kiti unaziona zote mbili, na rangi haihitaji fyuzi.

Ukiwa bado na bisibisi mkononi, bonyeza trimu ya pua juu ukatazame mkiani: kijibawa cha trimu kwenye elevata (ubao wa mkiani unaopandisha na kushusha pua) kinatakiwa kushuka, ili hewa iisukume elevata juu. Wajenzi wengi wakikiona kinashuka hudhani wamekosea, wanageuza nyaya za mota, na hapo ndipo wanapokosea kweli. Kijibawa kikienda sawa lakini mshale ukaenda kinyume, badilisha nyaya mbili za pembeni za kihisi, za mota usiziguse.

Alama ya mkao wa trimu wa kupaa iache ya penseli hadi umesharuka peke yako na ukiwa na abiria, maana kitovu cha uzito kikihama, na yenyewe itahama.