Pembe ya nyuzi 18 kwenye kisigino cha mkwezi: amevunjika au ndivyo alivyoumbwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu, niko pwani. Juzi nimempokea mkwezi aliyeporomoka mnazini akatua kwa kisigino cha kulia. Kimevimba, hawezi kukikanyagia, lakini kwenye eksirei sioni ufa. Nimepima pembe ya Böhler, ile inayoonyesha kama mfupa wa kisigino umedidimia, nikapata nyuzi 18. Kitabu kinasema kawaida ni 20 hadi 40. Je, vipimo hivyo vya Wazungu vinatufaa? Natamani nipime eksirei za watu wetu nipate vyetu.

JIBU: Marahaba. Kabla ya kukilaumu kitabu, tuitazame picha. Weka nukta tatu: kwenye kilele cha nyuma ya kisigino, kwenye kilele cha uso wa nyuma wa kiungo, pale kisigino kinapoubeba mfupa wa talasi (ulio chini ya kifundo cha mguu), na kwenye kilele cha ncha ya mbele ya kisigino. Chora mstari kutoka nukta ya nyuma hadi ya kati, uupitilize mbele. Kisha unganisha nukta ya kati na ya mbele. Pembe unayoitaka ni ile ndogo, kati ya mstari uliopitilizwa na huu wa pili. Nukta ya kati ndiyo inayotusumbua wengi. Mguu ukilala upande kidogo tu wakati wa kupiga picha, ule uso wa kiungo unaonekana kama mistari miwili, ukachagua usio wenyewe. Nyuzi mbili tatu hupotea hapo, na wewe umepungukiwa na mbili tu.

Daktari Lorenz Böhler aliieleza pembe hii mwaka 1931, akiwatibu wafanyakazi walioumia huko Vienna. Tangu hapo imepimwa kwa Waganda, Wamalawi na wengine wengi. Utafiti wa Saudi Arabia wa mwaka 2004 ulikuta visigino vizima vyenye pembe kuanzia nyuzi 16 hadi 47. Kwa hiyo 18 peke yake haimhukumu mtu. Ila usikimbilie kusema "ndivyo tulivyo", maana tofauti baina ya mtu na mtu wa kijiji kimoja ni kubwa mno.

Mpige picha kisigino cha kushoto, mkao uleule, upime vilevile. Kushoto kukiwa na 20, sina wasiwasi na hiyo pembe. Kukiwa na 34, uso wa kiungo umedidimia hata kama ufa huuoni. Na usiache picha ya kisigino kutokea nyuma: mfupa unaweza kupasuka na pembe ikabaki nzuri kabisa. Ukibaki na shaka, mpe rufaa akapigwe siti skani.

Kuhusu utafiti wako, fanya, lakini omba kibali cha maadili kwanza. Chukua eksirei za watu wazima wasio na jeraha la kisigino. Watoto waache, mifupa yao bado inajijenga. Andika umri, jinsia na upande wa mguu. Pima mara mbili kwa siku tofauti, na mwenzako apime bila kuona namba zako. Mkipishana sana, tatizo ni vipimo, si visigino.

Mkwezi wako ametoka juu. Mgongo wake, pale kiunoni, umeupapasa?