Uliza Mama Mwalimu: Majani ya Marekani, majani ya Tabora

SWALI: Shikamoo Mama Mwalimu. Ninafundisha darasa la awali katika shule binafsi hapa Tabora mjini, upande wa Isevya. Nina watoto 38, wa miaka minne na mitano. Mwaka huu mwenye shule ametupatia kitabu cha shughuli kutoka Marekani, na Septemba nzima ni habari ya majira ya majani kupukutika: kupaka majani rangi nyekundu na ya machungwa, kuhesabu matufaha, kuchonga maboga, kindi anayeficha mbegu za mwaloni, sanamu ya kutishia ndege. Nilianza wiki iliyopita. Mtoto mmoja akaniuliza mbona mti wa kwenye kitabu unaungua. Nikakosa la kumjibu. Je, niendelee, au nimwambie mwenye shule kwamba kitabu hakitufai? Sipendi nionekane mvivu. — Mwalimu wa awali, Isevya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mtoto, maana swali lake ndilo somo lenyewe. Septemba hapa kwetu ni msimu wa moto wa porini. Akisafiri na wazazi wake kwenda Sikonge au Urambo anaona pori linafuka moshi. Ukimwonyesha mti mwekundu na wa rangi ya machungwa kuanzia juu hadi chini, ataona moto. Ameitazama picha kwa macho ya mahali anapoishi, na ameitazama kwa makini. Mrudie kesho, umwambie mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa zuri, kisha mjibu.

Jibu lenyewe ni hili. Katika nchi za kaskazini, Marekani ikiwemo, kuanzia Septemba hadi Novemba mchana unafupika na baridi inaingia. Jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili, inayolisaidia kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Siku zikifupika na baridi ikizidi, mti unaacha kuitengeneza, kisha unavuta virutubisho vyake kutoka kwenye majani na kuviweka akiba kwenye matawi, shina na mizizi. Kijani kikiondoka, manjano iliyokuwa imefichwa humo inajitokeza, na miti mingine hutengeneza rangi nyekundu wakati huohuo. Mwishowe kikonyo kinajifunga, jani linadondoka. Sisi huku hatuyaoni hayo kwa sababu tuko karibu na ikweta: mwaka mzima, tofauti kati ya mchana wetu mrefu kuliko yote na ule mfupi haifiki saa moja. Hayo ni ya kwako. Kwa mtoto wa miaka minne sema tu: "Huko kwao kunaingia baridi, mti unapumzika, majani yanabadilika rangi kisha yanaanguka. Hauungui." Ataridhika.

Sasa kitabu. Usikitupe, wala usikifuate ukurasa kwa ukurasa. Tazama kila shughuli inamtaka mtoto afanye nini: kuchambua kwa rangi, kulinganisha kubwa na dogo, kuhesabu mpaka kumi, kupanga vitu kwa mfuatano, kutumia vidole. Hizo ndizo stadi tunazotakiwa kuzijenga hata sisi. Tufaha ni zana tu, na zana inabadilishwa. Mtoto ambaye hajawahi kushika tufaha anahesabu picha. Akihesabu karanga, anahesabu kitu anachokijua ganda lake, harufu yake, na mkono wa bibi aliyemmenyea. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeingia madarasa mengi mkoani kwetu nikakuta ukuta umejaa theluji na kindi wa kuchora, na nje ya dirisha upo mwembe ambao watoto hawajawahi kupelekwa kuutazama.

Na Septemba ya Tabora ina mambo, mwanangu. Miti yetu ya miyombo nayo hupukutisha majani, ila kwa uhaba wa maji wa kiangazi. Kisha, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, inachipua. Majani machanga yanatoka mekundu, mengine ya rangi ya shaba, mpaka pori zima linabadilika sura, halafu taratibu yanageuka kijani mvua zikikaribia. Kwa hiyo jani jekundu la kwenye kitabu chako limezeeka, na jani jekundu la hapa ndiyo kwanza limezaliwa. Wekundu ule husaidia kulikinga jani changa na jua kali hadi likomae. Kama watoto wako watajifunza jambo moja tu mwezi huu, natamani liwe hili, tena walione kwa macho yao.

Watoe nje asubuhi, kabla jua halijakolea. Kama miyombo iko mbali, mwembe unatosha. Mara nyingi mwembe mmoja una majani machanga ya rangi ya shaba yaliyolegea, mengine ya kijani hafifu, mengine ya kijani kizito, na chini yake makavu ya kahawia. Kila kundi la watoto watano au sita lichukue moja la kila aina. Mkirudi darasani wayapange kutoka jani changa hadi jani zee, na kila kundi lieleze kwa nini limepanga hivyo. Usiwahi kuwasahihisha. Utasikia mtoto akisema hili ni changa kwa sababu ni laini, mwingine kwa sababu ni dogo, na hapo wameanza kubishana kwa hoja. Dakika 20 zinatosha. Ukiona bado wana hamu, acha hapohapo, mwendelee kesho.

Kuchora jani kwa kulifunika na karatasi na kusugua kalamu ya rangi juu yake ni shughuli nzuri sana ya kitabu hicho, ila jani kavu la mwembe litavunjika na lile bichi halina mishipa iliyotokeza vya kutosha. Tafuta jani la mpera. Ligeuze, upande wa chini uwe juu, funika na karatasi nyepesi, kalamu ilazwe ubavu. Mishipa yote inatokea, na mtoto anaruka kwa furaha kila mara kana kwamba amefanya muujiza.

Halafu fanya hili ambalo kitabu chako hakina. Chukua mfuko wa plastiki mwangavu, kama ule unaofungiwa mkate, uvishe kwenye kitawi chenye majani mabichi kilicho juani, ufunge mdomo kwa uzi. Kabla ya watoto kwenda nyumbani, wapeleke wakaangalie. Ndani kutakuwa na matone ya maji. Waulize yametoka wapi. Mti unapoteza maji kupitia majani yake, na ndiyo sababu miti mingi inayaachia wakati wa kiangazi. Mtoto wa miaka mitano analielewa hilo akiliona. Ukimwambia kwa mdomo halimwingii.

Mahali pa mbegu za mwaloni weka matunda ya mninga. Yako mengi chini ya miti kipindi hiki: la duara, katikati lina manyoya magumu yanayochoma kidogo, pembeni limezungukwa na bawa kavu. Watoto wayarushe siku ya upepo, wapime kwa hatua lipi limefika mbali. Ukipata na maganda ya miyombo ambayo hayajapasuka, yaweke juani kwenye bati, watoto wakae mbali kidogo wasubiri. Likikauka sawasawa, ganda hujipinda likapasuka kwa kishindo na kurusha mbegu. Wataelewa bila hotuba kwa nini mti hauoti palepale chini ya mama yake.

Kindi wapo hata huku, lakini mkoa wa asali una mweka akiba wake. Geuza boksi liwe mzinga, visoda viwe asali, watoto wawe nyuki: kila mmoja analeta kisoda kimoja, wote wanahesabu kwa sauti mpaka kumi, mzinga unafungwa, wanaanza mwingine. Waeleze kwamba nyuki hula asali hiyo wakati maua yameadimika.

Matufaha yaache dukani. Kwa mavuno tumia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambayo Septemba iko tayari majumbani. Lete kiazi kibichi na michembe ya kiazi cha ukubwa uleule. Tengeneza mizani kwa henga ya nguo na makopo mawili, mtoto aone upande gani unashuka na aulizwe maji yamekwenda wapi, ambalo ni somo lilelile la mfuko wa mkate. Kisha wale, na ya kuliwa iwe mingine, iliyooshwa na kuchemshwa. Boga lisubiri Aprili na Mei linapokuwa jingi, mhesabu mbegu zake kumi kumi kwenye trei ya mayai. Sanamu ya kutishia ndege nayo ingoje mpunga uzae, kwa sababu wakati huo wapo watoto darasani kwako ambao ndugu zao wanashinda shambani kufukuza ndege, na watakufundisha wewe.

Nakuonya kwa mambo mawili. Usitumie majani ya tumbaku, hata yale makavu ya dhahabu yanayofanana kabisa na picha za kitabu. Nikotini ya jani bichi, hasa likiwa na umande, hupenya kwenye ngozi na kumfanya mtu atapike, na jani kavu mtoto ataliweka mdomoni. Pia kagua mbegu wanazookota: mbarika ni sumu, na zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, zinazotungwa shanga, ni sumu kali. Maharage na choroko navyo vitumike ukiwa umewasimamia. Kikiingia puani au sikioni usitie maji, mbegu itavimba. Mpeleke zahanati.

Kwa mwenye shule, usiende na lawama. Nenda na somo moja lililokamilika: ukurasa wa kitabu mkono mmoja, kazi za watoto mkono mwingine, umwonyeshe kwamba stadi ni ileile. Mwambie pia utabakiza siku moja ya hadithi ya nchi ya baridi, kwa sababu ni vizuri watoto wajue dunia ni kubwa. Kubadilisha zana namna hii ni kazi zaidi ya kufuata kitabu, na mtu yeyote aliyewahi kubeba boksi la majani kutoka nyumbani anajua hivyo.

SWALI: Mama Mwalimu, mimi ni baba wa mtoto wa miaka minne, niko Ujiji. Kila siku mwanangu anarudi na mise (kokwa za chikichi), vijiwe na majani mfukoni, daftari jeupe. Ada nalipa. Mwalimu wake ananiambia "anajifunza." Anajifunza nini? — Mzazi, Kigoma

JIBU: Baba, unayo haki ya kuuliza, na mwalimu alipaswa kukueleza zaidi ya neno moja. Leo jioni mwagia mwanao zile mise mkekani pamoja na vijiwe na maharage, umwambie, "Zipange." Usimwambie zipangwe vipi. Akizitenga kwa aina, huo ni mwanzo wa hesabu. Akizipanga kutoka kubwa hadi ndogo, amepiga hatua nyingine. Akikuwekea moja mbele ya kila mtu aliyekaa hapo, basi ameanza kuelewa namba ni nini, jambo ambalo kuandika 1, 2, 3 mara hamsini hakumpi.

Siku ukipita penye michikichi mwonyeshe mkungu wa chikichi, mweusi ukiwa mchanga, ukielekea rangi ya machungwa na nyekundu unapoiva. Muulize upi utavunwa kwanza. Mtoto wa Kigoma ana somo la rangi mlangoni kwake.

Kuhusu kuandika: vidole vya miaka minne bado vinajiandaa. Kuokota mise kwa vidole viwili, kuchana jani kufuata mshipa wake, kutunga maua kwenye uzi, vyote vinaimarisha misuli itakayoshika kalamu. Mtoto anayelazimishwa mapema huibana kalamu kwa ngumi, na mazoea hayo huwa magumu kuyaondoa. Ila mwombe mwalimu akuonyeshe kwa mwezi mara moja mtoto ameweza nini, kwa maneno kamili. Akikosa cha kukuonyesha, hapo malalamiko yako yana msingi.

SWALI: Majani tunayokusanya na watoto yanajikunja siku ya pili na mengine yanaliwa na mchwa. Nifanyeje? — Mwalimu, Urambo

JIBU: Yalaze siku hiyohiyo kati ya kurasa za gazeti, jani lisiguse jani, juu weka ubao na matofali mawili. Badilisha gazeti kila siku kwa siku tatu za mwanzo, maana unyevu ndio unaoleta ukungu, kisha yaache wiki moja. Yakikauka, yabandike kwenye manila kwa gundi ya unga wa muhogo iliyopikwa ikawa nzito. Usiiache manila sakafuni wala isiegemee ukuta wa udongo. Ining'inize kwa kamba kutoka kwenye kenchi. Wekundu wa majani machanga utafifia upesi ukiyaweka juani, kwa hiyo chagua ukuta wa kivulini, na uandike tarehe mliyoyachuma ili watoto wayalinganishe na ya mti uleule mwezi unaofuata.