Gego la mwisho: damu na uvimbe hudhibitiwaje?

SWALI: Daktari, gego langu la mwisho la chini limelala ndani ya mfupa, na nimepangiwa upasuaji wa kulitoa. Kila siku nameza aspirini ya kulinda moyo. Je, niiache ili nisitokwe na damu nyingi? Na uvimbe wa shavu hauzuiliki?

JIBU: Usiiache kwa uamuzi wako. Damu ya kinywani tunaifikia na kuibana. Aspirini huzuia damu isigande; ukiiacha, donge la damu likaziba mshipa wa moyo, hapo ni hatari kubwa zaidi. Mtajie mpasuaji mapema dawa zote unazotumia. Angekuwa mtu wa warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, angepimwa kwanza INR, yaani kipimo cha kasi ya damu kuganda.

Kuzuia damu huanzia kwenye sindano ya ganzi. Huchanganywa na adrenalini kidogo sana, mara nyingi sehemu 1 kwa 80,000 au 100,000, nayo hubana mishipa midogo ya ufizi. Tatizo ni kwamba nguvu yake ikiisha, mishipa hutanuka tena na kidonda huweza kuvuja ukiwa umeshafika nyumbani. Ndiyo maana tunashona, na pengine tunajaza shimo sifongo ya jelatini inayoyeyuka yenyewe. Kwa mgonjwa kama wewe napenda kuongeza gozi (kitambaa cha vidonda) iliyoloweshwa asidi ya traneksamiki, ambayo hulinda donge la damu lisivunjike mapema.

Damu ikirudi, kunja gozi safi, iume kwa nguvu dakika 30 bila kuitoa. Wengi huchungulia kila baada ya muda mfupi, na wanalibandua donge wenyewe. Ukirudia mara ya pili na bado inachuruzika, rudi hospitali. Mate mekundu siku ya kwanza yasikutishe. Usisukutue wala kuvuta sigara saa 24 za mwanzo.

Uvimbe huja tu, ila hupunguzwa. Mfupa hukatwa huku ukimwagiwa maji ya chumvi usiungue, na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa kawaida miligramu 8, hutolewa kabla ya kuanza. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 20 kwa vipindi, nadhani hutuliza maumivu kuliko inavyopunguza uvimbe. Shavu huvimba zaidi siku ya 2 au ya 3. Likizidi baada ya hapo, au ukipata homa, mrudie daktari. Ukishindwa kumeza au kupumua, nenda kwenye dharura papo hapo.

Kwa maumivu tumia parasetamoli. Ibuprofeni huweza kuingilia kazi ya aspirini yako, hivyo usiimeze bila kuuliza.