Baada ya The Wheel of Time, usome nini?

Ndugu yangu, umesema kwamba umefika juzuu ya kumi ya The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za fantasia wa Robert Jordan, hamu imepungua, na unataka kujua kama uendelee au uache, na ukimaliza uhamie kwa nani. Nimeusoma mfululizo huo wote, juzuu 14 pamoja na kile kitabu cha utangulizi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Usiachie hapo. Mahali ulipokwama ndipo wasomaji wengi wanapokwama, na sababu imo katika muundo wa kitabu chenyewe. Juzuu ya tisa inamalizika kwa tukio kubwa lililohisiwa hata na waliokuwa mbali sana. Crossroads of Twilight, juzuu hiyo ya kumi iliyotoka mwaka 2003, badala ya kulisukuma tukio hilo mbele, inarudi nyuma kuonyesha kila mhusika alikuwa akifanya nini wakati huohuo, hivyo unafungua mamia ya kurasa na hadithi haisogei. Zipitie kwa haraka sura za wahusika Perrin na Elayne, ila usiziruke. Knife of Dreams, juzuu ya 11 ya mwaka 2005, itakulipa subira yako, maana humo mafundo ya miaka mingi yanaanza kufunguka.

Hiyo ndiyo juzuu ya mwisho aliyoikamilisha Robert Jordan mwenyewe. Alifariki Septemba 2007, na Harriet McDougal, mkewe aliyekuwa pia mhariri wake, akamchagua Brandon Sanderson aimalize kazi kwa kufuata maandishi yaliyoachwa. Kitabu kimoja kilichokusudiwa kikazaa vitatu, kati ya 2009 na 2013. Utaihisi kalamu nyingine, hasa katika mazungumzo ya Mat, mmoja wa wahusika wakuu, ambaye mzaha wake unakosa ule wepesi wa awali. Hata hivyo, sura za Rand, shujaa wa hadithi, katika The Gathering Storm, cha kwanza kati ya hivyo vitatu, naziweka miongoni mwa zilizo bora kuliko zote, na sehemu kubwa ya hitimisho la juzuu ya mwisho iliandikwa na Jordan kabla hajafariki.

Sasa kuhusu kitakachofuata. Wengi watakuelekeza kwa Steven Erikson na juzuu kumi za mfululizo wake wa fantasia, Malazan, kwa hoja kwamba aliyezoea safari ndefu atafutiwe nyingine ndefu. Ninaiheshimu sana kazi ile, lakini sikushauri uianze mara moja: inakuingiza katikati ya vita bila maelezo, na juzuu ya pili inakuhamishia bara jingine lenye wahusika wengi wapya. Msomaji aliyeishi muda mrefu na Rand, Mat na Perrin, vijana wa Two Rivers, hukosa watu kuliko anavyokosa vita.

Kwa sababu hiyo mimi ningemtaja kwanza Robin Hobb, uanze na Assassin's Apprentice ya mwaka 1995. Msimulizi ni Fitz, mtoto wa nje ya ndoa wa mwana wa mfalme, anayelelewa katika ngome ya ukoo ambao haukumtaka na kufundishwa kuua kwa siri. Unabaki ndani ya moyo wa mtu mmoja, unamwona akikua, akikosea na akipoteza, na ulimwengu huo una riwaya 16 ukipenda kuendelea. Ni masimulizi ya polepole yenye huzuni nyingi, lakini mwendo huo wa polepole una kazi, kwani kila jeraha la Fitz unalijua lilikotoka.

Ukihitaji kitu kifupi, soma A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968, ambayo kwa kurasa chache inasema mengi juu ya mipaka ya uwezo wa mchawi.

Na kwa Kiswahili usimsahau Shaaban Robert. Adili na Nduguze ina jini aitwaye Huria, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda yao. Ningekisoma kitabu hicho kati ya juzuu ya 11 na ya 12, pale kalamu inapobadilika, kwa sababu ni kifupi na hakitakuchanganyia hadithi ya Rand.