Kumchukua mbwa mkubwa kituoni: yaliyotukuta sisi na Tabasamu

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Unataka kumchukua dume wa miaka 4 au 5, amekaa kituoni, kwenye kituo cha kutunza mbwa waliotelekezwa, miezi 8, sikio moja limekatwa ncha, nyumbani una watoto wa miaka 6 na 9, na shemeji kakwambia mbwa mkubwa hafundishiki, samaki mkunje angali mbichi. Waliotangulia kukujibu karibu wote wanakusukuma kwenye kitoto cha German Shepherd. Mimi nina mbwa niliyemtoa kituoni akiwa mtu mzima, huu ni mwaka wa tatu. Nitaeleza kwa kirefu, kwa hiyo tafuta chai kwanza.

Nakaa Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Na sisi tulikwenda kituoni kutafuta mtoto wa mbwa. Mhudumu akauliza swali moja tu: mchana nyumbani anabaki nani? Habaki mtu. Mimi na mke wangu tunarudi saa kumi na moja jioni. Akasema basi hapa hamna mtoto wenu, kitoto cha miezi 2 kinataka kula mara 3 au 4 kwa siku na kutolewa nje kila baada ya muda mfupi, mtarudi mkute amekula viatu na amelia hadi sauti imekauka. Akatupeleka banda la mwisho.

Alikuwa jike wa kienyeji, rangi ya mchanga, kilo 17, umri waliukadiria kwa meno kuwa kama miaka 5. Jina Tabasamu. Tulipokaribia akainua mdomo wa juu akatoa meno yote nje. Mke wangu alishakuwa nyuma ya mgongo wangu. Mhudumu anacheka: msiangalie meno, angalieni vingine. Kweli, kichwa kilikuwa chini, macho ameyafinya, na kiuno kizima kinakwenda na mkia. Mbwa anayetaka kung'ata hukakamaa, mwili unakuwa kama ubao. Huyu alikuwa anajipendekeza, na kuna mbwa wanaofanya hivyo kwa meno. Hadi leo wageni wanaruka ukuta.

Sasa hoja ya shemeji. Ana haki ya kuuliza, ila amelenga pasipo. Tabasamu alijifunza "kaa" kwa siku mbili, kwa malipo ya dagaa. Mbwa mkubwa anatulia, anasikiliza, hana ule wazimu wa kitoto wa kukimbiza kila jani. Na ukubwa wake unauona, sauti yake unaisikia, unajua kama anapenda watoto au anawavumilia tu. Kitoto ni bahati nasibu, hata kama kina mama na baba wenye vyeti. Kilicho kigumu kwa mbwa mkubwa ni kwamba ana mambo yake aliyokuja nayo, na wewe huyajui, na yeye hawezi kukusimulia. Hapo ndipo mimi nilipoumia, si kwenye mafunzo.

Siku 3 za kwanza alikuwa mpole kupita kiasi. Analala nyuma ya tangi la maji, habweki, hagusi kuku. Nikajisifu kazini. Jumapili nikaita ndugu waje wamwone, wakaja 9, kila mmoja anamshika kichwa. Najua leo kwamba ule haukuwa upole. Alikuwa ameganda kwa woga, na mimi nikamletea umati.

Siku ya 4 kijana wa toroli alileta majani ya ng'ombe, geti likabaki wazi, toroli likagonga nguzo kwa kishindo. Tabasamu akapita kama mshale. Nilimkimbiza, na hilo ndilo kosa la pili, maana mbwa aliyekaa kwako siku 4 hajui kuwa wewe ni mwenye nyumba. Anaona mwanaume anamfukuza. Usiku wa kwanza hakurudi, wa pili hakurudi.

Aliyemwona ni jirani yangu wa upande wa kulia, mzee wa msikitini, wa kuhesabu swala zote 5. Hapa niseme jambo, kwa sababu kuna mdau aligusia majirani Waislamu akaishia kurushiana maneno na wenzake. Waislamu wengi wa kwetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi, chombo alichoramba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Siyo chuki kwa mnyama, ni suala la tohara, mtu anatoka nyumbani ameshatawadha. Kabla sijamleta Tabasamu nilikwenda kwa mzee nikamwambia, nikajenga banda upande wa pili wa kiwanja, na njia yao ya msikitini mbwa wangu hapiti. Basi alfajiri ile anarudi kuswali, akamwona anakunywa maji mferejini kwenye migomba, akanipigia simu: "Baba, mgeni wako yuko huku, njoo bila kelele."

Nilikwenda na mapupu kwenye mfuko. Nilikaa chini, ubavu nimempa yeye, sikumtazama machoni, nikawa natupa kipande kimoja kimoja. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Mara ya mwisho alichukua mkononi, nikamvalisha kamba.

Tangu siku hiyo hakuguswa na mgeni kwa mwezi mzima, na nje alitoka kwa kamba tu. Kuna hesabu ambayo watu wa mbwa wanapenda kuitaja: siku 3 za kutishika, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 ndipo anajiona yuko kwao. Kama dira inafaa. Kwetu miezi 3 ilikuwa 7.

Choo kilinichanganya. Ana banda, ana uwanja wa majani, lakini haja anaenda kufanyia kwenye varanda, kwenye sakafu ya saruji. Mke wangu akasema anatukomoa. Mbwa hakomoi mtu. Miaka yote kituoni alijisaidia juu ya saruji, kwa hiyo kwake saruji ndiyo choo na majani ni kitu kigeni. Nilimtoa kwa kamba alfajiri na usiku hadi kwenye majani, tukasimama hadi afanye, akifanya anapata dagaa. Varanda tuliiosha kwa siki ili harufu isimwite tena. Wiki 2 na siku kadhaa, kwisha.

Afya. Kituo kilinipa kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na ile ya pamoja ya magonjwa ya virusi, alikuwa ameshafungwa kizazi na amepewa dawa ya minyoo. Ukinyimwa kadi, usiondoke na mbwa kwa maneno matupu. Chanjo ya kichaa nairudia kila mwaka. Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na mara nyingi kampeni za bure huzunguka kipindi hicho. Watoto wako waambie mapema: aking'atwa au hata kukwaruzwa na mbwa yeyote, jeraha linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya kwenda kugombana na mwenye mbwa.

Pamoja na kadi nzuri, mwezi wa pili tangu aje, Tabasamu aliacha kula, fizi zikawa nyeupe, pua ikatoa damu. Homa ya kupe. Yule kupe wa kahawia wa mbwa anakaa kwenye nyufa za banda, na ugonjwa unaweza kulala mwilini muda mrefu kabla ya kuibuka. Daktari wa mifugo alipima damu, akampa antibiotiki iitwayo doksisaiklini siku 28, na nilimaliza zote ingawa siku ya 5 alikuwa anakula vizuri. Na tafadhali, usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe uliyokadiria kwa macho. Nimeona mbwa wa jirani akitetemeka hadi kufa kwa sababu ya kifuniko kimoja kilichozidi.

Chakula ni ugali wa dona na mapupu au dagaa. Mapupu na maini chemsha nusu saa nzima, usirushe mabichi, kuna minyoo ya tegu inayopita kwa mbwa ikaja kufanya malengelenge kwenye ini la binadamu, hasa huku kwetu kwenye mbuzi na kondoo wengi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana.

Kubweka: siku 41 hakutoa sauti. Shemeji zangu wakasema nimenunua bubu. Siku ya 42 akambwekea msoma mita hadi daftari likaanguka. Nilimwomba radhi yule kijana, lakini moyoni nilifurahi, maana mbwa habweki kulinda mahali ambapo hapahesabu kuwa kwake.

Nilichokuwa nakiacha mwisho ni kiroba. Fagio haogopi, fimbo haogopi, radi na fataki za mwaka mpya anahema kidogo tu. Ila nilipoingia na kiroba cha mkaa begani, alijikojolea papo hapo, akaingia nyuma ya tangi, akakaa humo hadi kesho yake. Nikadhani ni mkaa. Mwezi uliofuata ikawa kiroba cha unga wa dona, yale yale. Nikawapigia kituoni. Mhudumu akanyamaza kidogo, akasema: aliletwa na mama mmoja aliyesikia mfuko unalia pembeni ya barabara.

Nilitandika kiroba kitupu mwisho kabisa wa uwanja, nikaweka dagaa hatua 20 kutoka pale. Akila bila kutetemeka, kesho hatua 19. Siku nyingine tulirudi nyuma. Ilichukua karibu miezi 4 hadi akapita kando ya kiroba akielekea kwenye sahani yake, na hata leo anakizunguka, hakikaribii. Kinachonyanyuliwa begani bado ni balaa. Basi mkaa tunanunua kwa debe, unatoka ghali kuliko gunia, na mke wangu, yule yule aliyesema anatukomoa, ndiye anayewakataza wauza mkaa kuingia na mifuko.

Kuhusu huyo dume wako: sikio lililokatwa ncha usidhani kapigwa panga. Kuna vituo vinaweka alama sikioni kwa mbwa aliyefungwa kizazi, uliza. Nenda naye matembezi mara 3 siku tofauti kabla ya kutia saini, na siku moja kati ya hizo uwapeleke watoto, wasimame, yeye ndiye awafuate. Akigeuza kichwa, akilamba midomo au akipiga miayo bila usingizi, anasema "nipeni nafasi", na watoto wa miaka 6 na 9 wanaweza kabisa kujifunza lugha hiyo. Wasimkumbatie, wasimguse akila. Uliza anaogopa nini, na wakisema hawajui, amini kwamba hawajui, utagundua mwenyewe. Chukua likizo ya siku 5 kazini ukiweza. Ndugu waje akishamaliza mwezi kwako.

Na geti, mkuu. Komeo la juu na la chini, fundi aje kabla ya mbwa.