Muulize Fundi: Nitie tabo kwenye Vitz yangu?

Swali: Assalaam alaykum fundi. Mie niko Wete, nna Vitz ya zamani ya cc 1000, nikipakia watu wanne na mizigo kutoka Chake vile vilima vinantesa, gari inanguruma tu haendi. Kijana mmoja kanambia atanipachikia tabo ya gari nyengine, mwengine anasema supachaja ndo bora. Nifate lipi?

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Usifate hata moja, si kwa injini hiyo ilivyo.

Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi, supachaja inazungushwa na belti inayotoka kwenye injini, lakini kazi yao moja, kuisukumizia injini hewa zaidi ya ile inayovuta yenyewe, na hewa ikizidi unaweza kuchoma petroli zaidi. Kwa vilima huyo wa supachaja kasema la maana, mana inasukuma tokea injini ikizunguka polepole, wakati tabo inangoja kwanza moshi uwe mwingi. Subaru walitia supachaja kwenye Sambar, kigari cha mizigo cha cc 660.

Sasa tabu iko hapa. Vitz ile ya mwanzo ya cc 1000 inabana hewa mara 10. Toyota wenyewe walipotaka tabo kwenye Starlet Glanza walishusha mbano mpaka 8.2, ndo wakapata hosipawa 135 kwa cc 1331, yako ina 70. Hewa ikibanwa inapata moto, tabo ikisukuma hewa kwa mgandamizo wa nusu bar tu na joto letu hili inatoka imevuka nyuzi 80, halafu unaipeleka kwenye silinda inayobana mara 10, petroli inaripuka kabla ya wakati wake, utasikia injini inagonga na ukiendelea kukanyaga pistoni inatoboka. Na kontrol boksi ya Vitz, ile kompyuta inayoipimia injini petroli, haijapangiwa hewa hiyo, kwa hiyo utataka intakula ya kupoza hewa, injekta kubwa, kontrol boksi ya kupanga upya, paipu za oili... wallahi kwa pesa hizo uza hiyo ununue ya cc 1300, ubaki na chenji.

Kabla hujauza lakini, pima mbano wa silinda zote, tazama plagi na eya klina, na masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, yasije yakawa yameziba, mana gari ikishindwa kupumua nyuma hata kilima kidogo inalia. Nyingi ninazoletewa "hazina nguvu" zimechoka tu.

Na vile vifeni vya umeme vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la tabo, usivinunue. Injini yako kwa mizunguko 6000 inavuta kama lita 3000 za hewa kwa dakika, kifeni kile kitakaa njiani kuizuia.

Swali: Fundi, gari ya mume wangu ina tabo ya kiwandani, akifika nyumbani anaiacha inanguruma pale mlangoni ndo anazima. Si anamaliza mafuta bure? Dada wa Mwanakwerekwe.

Jibu: Hapana dada, kama katoka Nungwi mbio mwache, dakika moja inatosha. Tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na beringi zake zinaishi kwa oili, ukizima ghafla ile oili inasimama mle ndani ikaungua ikawa masizi. Akitoka dukani taratibu lakini, azime tu.