Jibu: Kwa nini majirani wa China hawaundi NATO yao?

Ndugu, umeuliza kwa nini Japani, Ufilipino na Australia zisiunde NATO ya Asia, yaani muungano wa kijeshi wa kulindana kama ule wa nchi za Magharibi. Kikwazo kikubwa ni biashara: mshirika mkuu wa kibiashara wa nchi zote tatu ni huyo huyo China wanayemhofia. India nayo imo kwenye Quad (ushirikiano wake na Marekani, Japani na Australia), lakini haitaki kufungwa na mkataba wa kijeshi.

Ila usidhani wamelala. Ufilipino ina meli kuukuu iliyoliwa na kutu, Sierra Madre, iliyopandishwa makusudi mwaka 1999 kwenye mwamba wa baharini ambao China nayo inaudai. Wanajeshi wake wanaishi humo, na boti zinazowapelekea chakula zimewahi kumwagiwa maji ya mizinga na Wachina. Inauma kwa kweli! Ndiyo maana 2024 Manila ilisaini na Japani makubaliano ya kuruhusu jeshi la kila mmoja kuingia nchi ya mwenzake.